Kiti cha Davison

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Germaine alizunguka nyuma ya nyumba, akainama kando ya pikipiki ya mume wake, akaisukuma kiki kwa mkono, mara moja tu. Hakutumia mguu, kwa sababu mguu ungemfanya aegemee kiti. Kiki ilipokataa kushuka alijifuta kiganja kwenye kitenge na kwenda kuwasha moto wa vitumbua, kama mtu aliyetoka kumwangalia mgonjwa na kumkuta bado amelala.

Dirisha letu linatazama nyuma ya nyumba yake, kwa hiyo jambo hilo tuliliona tangu mwanzo. Mama yangu alidhani ni majonzi. Alipoona mikono ya Germaine imeanza kuwa myeusi kwa grisi, alivuta pazia.

"Toka kwa dirisha," aliniambia. "Siku ile kitu itaamuka, batauliza nani aliona."

Davison, mume wake, alikuwa mvuvi wa chisense, wale dagaa wadogo wa Ziwa Mweru. Alikuwa mtu wa ufuko huu wa Nchelenge, yeye na mama zake na mama wa mama zake. Germaine alitoka upande wa Pweto, Kongo, wakati wa vita, akiwa na binti yake mdogo, Gloire, na wakaishi kwenye makazi ya wakimbizi. Davison alikuwa akienda huko kununua mihogo. Alimwoa, akamleta ziwani pamoja na Gloire, akawajengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Mwaka juzi, siku chache kabla ya ziwa kufungwa ili samaki wazae, alitoka kuvua na hakurudi. Mtumbwi wake ulikutwa kwenye matete upande wa kisiwa cha Chisenga, taa ikiwa ndani, wavu umekunjwa vizuri. Yeye hakuonekana.

Huku kwetu mtu aliyekufa ni lazima arithiwe. Baada ya maziko ukoo huketi na kumchagua mmoja akae mahali pa marehemu, anywe maji kwa kikombe chake, aitwe kwa jina lake. Huko ndiko kupyana, na huyo aliyechaguliwa ndiye mupyani. Vitu vya marehemu hugawanywa siku hiyo, na mjane hupakwa unga kwenye paji la uso, ishara kwamba amefunguliwa na anaweza kwenda. Lakini Davison hakuwa na kaburi. Ukoo ulisema ziwa halijajibu, na mtu ambaye ziwa halijamjibia yuko safarini. Basi vitu vyake vilibaki alivyoviacha: kasia ukutani, kigoda mlangoni, pikipiki nyuma ya nyumba chini ya turubai. Na mke wa msafiri hafukuzwi. Germaine aliendelea kuishi katika nyumba ile, akiuza vitumbua, na hakuna aliyemsumbua.

Jambo moja kila mtu alilijua bila kuambiwa. Atakayekaa mahali pa Davison, kwenye kigoda chake au kwenye kiti cha pikipiki yake, atakuwa amesema kwamba Davison amekufa. Hapo ukoo utakuja kulia, na kilio kikiisha nyumba itarudi kwa wenyewe.

Haya yote yangebaki hivyo kama Gloire asingeshika mimba. Mume wake alikuwa amekwenda kutafuta kazi Solwezi, naye akarudi kwa mama yake. Gloire ana kilema cha nyonga. Alianguka kutoka kwenye lori siku ile ya kukimbia vita, akiwa mtoto. Pale kituo cha afya cha Kafutuma nesi alimpima, akampima tena, kisha akamwita Germaine pembeni. Mtoto hatapita, alisema. Uchungu ukianza, msibaki hapa hata kidogo, mkimbilie hospitali kubwa, akafanyiwe upasuaji.

Hospitali iko Kashikishi, mbali, ng'ambo ya njia ya mchanga na ya kijito ambacho mvua ikinyesha hugeuka kuwa mto. Waendesha pikipiki wa barabara ya lami huja kwetu wakati wa kiangazi. Masika wanasema ndiyo kwa simu, halafu hawaonekani. Mpango ulikuwa Gloire aende mwezi wa mwisho akakae kwenye nyumba ya kungojea, ile ya wajawazito, karibu na hospitali. Mama yangu alisema ni mpango mzuri.

"Ni muzuri," Germaine alikubali. "Lakini mutoto hasomake kalenda."

Kesho yake aliondoa turubai.

Hakuna fundi aliyekubali. Mmoja alisema hana vifaa, mwingine akasema mgongo unamuuma. Pitchou, Mkongomani mwenzake, anayetengeneza jenereta na injini za mitumbwi, ndiye pekee aliyesema ukweli.

"Naogopa," alisema. "Miye naweza kusema, lakini kugusa hapana. Ile ni kitu ya mutu bila mupyani."

"Nani amekuomba uguse? Weye sema tu."

"Na nikisema sana, si domo nayo itakuwa imegusa?"

"Domo yako inagusaka kila kitu, Pitchou, na haijakufa."

Ndivyo alivyojifunza. Pitchou aligeuza ndoo akaikalia nje ya uzio wa matete, mikono ameibana kwapani, na Germaine akapiga magoti ndani ya uzio akiwa na spana. Sauti ilipita kwenye matete: fungua ile ya kushoto, hapana ile, ile ndogo; pole pole, usiivunje kichwa; sasa vuta. Siku moja Pitchou alijisahau, akapitisha kidole kwenye uzio kuonyesha kabureta. Alikirudisha kama aliyeungua, akaaga kabla ya wakati, na tukamwona akishuka ziwani kunawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Germaine hakuwa amewahi kufungua chochote zaidi ya kibatari. Alitoa tangi akakuta kutu imeota ndani kama ukoko wa ugali. Akatia changarawe na maji ya ndimu, akalitikisa mapajani kila jioni akizungumza na wateja. Kabureta aliizibua kwa unywele wa waya aliouchomoa kwenye brashi. Matairi yalikuwa na nyufa, lakini mipira ya ndani ilishika viraka. Injini ndiyo iliyokataa. Ilikuwa imeganda.

"Toa bugi, ile inatoaka cheche," sauti ya Pitchou ilisema. "Kwa tundu yake mwaga mafuta. Acha ilale."

Baada ya siku chache aliuliza: "Ulimwaga mafuta gani?"

"Mawese. Nikachanganya na mafuta ya taa kidogo."

Ndoo ikaanguka, na Pitchou pamoja nayo, kwa kicheko.

"Mawese! Mama, umeikaanga! Ile ni motere, haiko samaki!"

"Hukusema mafuta ya nini."

"Muuza vitumbua, ukimuambia mafuta, atafikiri nini? Kosa ni yangu. Acha tu. Labda itasikia njaa, itaamuka."

Alicheka peke yake. Germaine alikuwa akitazama nyuma ya Pitchou, njiani, ambako Goodson alikuwa amesimama. Hatukujua amesimama hapo tangu lini.

Goodson ni mdogo wake Davison, tumbo moja. Ni mtu mpole, mzee wa kanisa, na hajawahi kumpandishia Germaine sauti. Baada ya ibada ya Jumapili alikuwa akimletea samaki. Tangu siku ile aliendelea kuwaleta, lakini sasa alikuwa akiketi chini, mkabala na pikipiki, na kuitazama muda mrefu. Nilimsikia akizungumza mara moja tu.

"Mulamu," alisema, kwa kuwa ndivyo shemeji anavyoitwa huku, "unatengeneza ya nini?"

"Isioze."

"Awe, hapana, mulamu. Kitu ya mutu kama iko kwa safari, inaoza na yeye. Akirudi, inarudi." Akavunja kijiti, akakitupa. "Mimi naota yeye kila siku. Iko na baridi. Haisemi kitu, inatazama tu miguu yangu, kama inataka viatu."

"Pole, shemeji."

"Usikae pale juu. Nakuomba. Safisha, sawa, safisha. Kukaa, awe."

"Sijakaa," Germaine alisema.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na unga mweupe juu ya kiti.

Unga si kitu cha kuchezea. Huku kwetu humwagwa kwa mizimu, na anayeuona mahali ambapo hakuumwaga hupita mbali. Germaine aliupangusa kwa kitambaa, akaisukuma kiki yake, akaenda kuwasha moto. Kesho yake unga ulikuwepo tena. Kijijini habari zikatembea, na wateja wa vitumbua wakaanza kupungua. Waliobaki waliweka sarafu zao kwenye sahani badala ya kuziweka mkononi mwake. Mama yangu alianza kunituma kununua vitumbua kwa mwingine. Wiki ile Goodson alikwenda Mwansabombwe kwenye arusi, na unga haukukoma.

Ndipo Germaine alipoamka mapema kuliko kawaida, akajibanza penye jiko. Aliyekuja na bakuli la unga, ameshika kiuno, akichechemea taratibu, alikuwa Gloire.

Tulisikia sauti zao kupitia dirisha.

"Weye! Mutoto wangu!"

"Acha ile pikipiki, mama. Nakuomba. Banasema yule mutu anakasirika. Banasema atachukua hii," na akajigusa tumbo. "Miye namupa unga ili asikasirike."

"Davison alikulea. Atakukasirikia juu ya nini?"

"Ni weye unanitafutia kifo!"

Germaine alipojibu, sauti yake ilikuwa ileile ya kuuzia vitumbua.

"Kifo inajua nyumba hii, Gloire. Haingojei nikaitafute. Nipe hiyo unga, tuipike."

Waliupika. Na asubuhi hiyohiyo, mkono wa Germaine uliposukuma kiki, kiki ilishuka. Nilikuwa dirishani. Ilishuka polepole, na ndani ya chuma pakatoka mlio mdogo, kama wa mtu anayemeza mate. Germaine aliuondoa mkono. Hakuonyesha furaha. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama ameshikwa akiiba kwake mwenyewe.

Kuanzia hapo Pitchou hakucheka tena. Aliuliza maswali, akapata majibu, akasema bugi ikitoa cheche ikigusishwa kwenye chuma basi kazi imekwisha. Cheche ilitoka, ndogo, ya buluu.

"Sasa itawaka," alisema. "Lakini ukiiwasha kujaribu, Nchelenge yote itasikia."

"Sitaijaribu."

"Bila kujaribu? Kama ikikataa siku yenyewe?"

"Itakuwa imekataa."

"Na kuendesha? Unajua kuendesha?"

"Pweto nilibebaka samaki kwa kinga."

Kinga ni baiskeli. Pitchou alisimama, akachukua ndoo yake, akashika njia. Hakurudi. Germaine alitia petroli kwenye chupa, akaificha chini ya kitanda. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila alasiri ziwa lilibadilika rangi.

Uchungu ulikuja kabla ya wakati, kama alivyohofu, siku tuliyokuwa tukianika mihogo tukitegemea jua. Mama yangu alikimbia kwenda kwao, na mimi nikaanza kupiga simu. Mwendesha pikipiki wa kwanza alisema anakuja. Nilimpigia tena, akasema kijito kimejaa. Wa pili hakupokea. Upande wa kisiwa cha Kilwa mawingu yalikuwa yamesimama kama ukuta, na upepo ulikuwa umekatika kabisa, hata matete hayakutikisika. Gloire alikuwa amelala kwenye mkeka akiuma kona ya kitenge. Kati ya uchungu mmoja na mwingine alimwomba Davison msamaha.

Germaine alimimina petroli kwenye tangi. Alipoisukuma pikipiki kutoka nyuma ya nyumba hadi uwanjani, Goodson alikuwa ameshafika, na nyuma yake watu wa ukoo, wanaume wachache na shangazi zao. Walisimama penye mwanya wa uzio. Hakuna aliyeshika silaha, hakuna aliyefoka. Ingekuwa afadhali wangefoka.

"Mulamu," Goodson alisema, "niko na mutumbwi. Injini iko na petroli. Nitabeba mutoto kwa maji mpaka Kashikishi. Mimi mwenyewe. Usikae pale."

Alikuwa akisema kweli. Mtumbwi tuliuona umevutwa ufukweni. Germaine aligeuka akalitazama ziwa. Lilikuwa jeusi, na mbali ndani yake mstari mweupe ulikuwa ukija.

"Asante, shemeji. Lakini ile maji ilishakula mumoja wangu."

"Haijakula! Iko kwa safari!"

"Basi ukimuona, umuambie nimeomba kiti."

Akapandisha mguu, akakaa.

Shangazi mmoja alijifunika uso. Mama yangu, aliyenikataza dirisha miezi yote ile, alimwinua Gloire kwa kwapa, nami nikamshika upande wa pili. Tulimpandisha nyuma ya mama yake. Germaine alivua kitenge cha juu, akatupa ncha zake nyuma, na mama yangu akamfunga Gloire mgongoni pa Germaine, kwa fundo lile la kumfungia mtoto mchanga, tumbo lile kubwa likiwa katikati yao.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kikohozi. Gloire alipiga kelele, na sijui kama ni kelele au ni kiki iliyofuata iliyoiamsha, lakini pikipiki ililia. Moshi mzito ukatoka, wa rangi ya maziwa, na moshi huo ulinukia mawese yanayoungua. Ulinukia sufuria kubwa, chakula cha watu wengi, nyumba yenye msiba.

"Kilio," mtu mmoja alisema.

Pikipiki ilipopita kwenye mwanya wa uzio walimpisha. Hakuna aliyenyoosha mkono. Germaine alikuwa kwenye gia ya kwanza. Hakujua nyingine, na kwa gia hiyo moja, injini ikinguruma mpaka masikio yakauma, alikwenda njia nzima. Hakuwa amefika hata kwenye kona ya shule wakati shangazi yule alipoweka mikono kichwani na kuanza. Wengine wakampokea. Walikuwa wakimlilia Davison, kwa jina, kwa mara ya kwanza tangu apotee, na sauti zao na sauti ya pikipiki yake zilichanganyika mpaka mvua ilipozifunika zote.

Kijito walikivuka. Germaine hajawahi kueleza namna gani. Watu wa ng'ambo walisema waliona mwanamke anasukuma pikipiki ndani ya maji ya kifuani, na mwingine amelala juu yake kama gunia. Hospitalini walimpasua Gloire jioni hiyohiyo. Mtoto ni wa kike. Gloire alipoteza damu nyingi, na kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atapona. Kisha akaomba uji.

Germaine aliporudi kuchukua nguo alikuta uwanja wake umejaa watu na moto unawaka. Hawakumtukana. Walimpa mahali pa kukaa kati ya wanawake, naye akalia pamoja nao, na nadhani alilia kwa kweli. Goodson aliketishwa kwenye mkeka, akanyweshwa maji kwa kikombe cha kaka yake, na tangu saa hiyo anaitwa Davison. Ukimwita Goodson hageuki. Shangazi alichovya kidole kwenye unga, akampaka Germaine kwenye paji la uso, akamwambia yuko huru. Nyumba, alisema, ataiacha ziwa litakapofunguliwa.

Wanawake walimhurumia. Niliwasikia kisimani wakimtetea. Ni mugeni, walisema. Mukongomani yule hakujua desturi. Alifikiri pikipiki ni pikipiki tu. Angejua, asingekaa.

Davison mpya alikuja mara moja kabla ya ziwa kufunguliwa, akamwomba amwonyeshe petroli inafungukia wapi. Germaine alimwonyesha. Alisimama mbali na kiti, na mwanamume yule akakaa, akashika usukani, akawa anatazama mbele bila kuiwasha. Alikuwa amevaa viatu vya marehemu. Amekonda sana tangu mkeka ule, na macho yake yana namna ya kutazama miguu ya watu.

Shamba la Germaine kule kwenye makazi ya wakimbizi limeshapewa wengine. Gloire hawezi bado kubeba kitu, na mume wake simu yake haipatikani. Siku ziwa lilipofunguliwa, mitumbwi ikashindana kutoka alfajiri, nilikwenda kumsaidia Germaine kufunga mizigo: sufuria, karai la vitumbua, nguo za mtoto. Mtoto alikuwa amelala juu ya godoro lililokunjwa. Katika miezi yote ile sikuwa nimemwuliza Germaine kitu. Nilishika ncha ya kamba, yeye akashika nyingine, na tulipokuwa tukivuta nilimwuliza kama alijua, alipokaa kwenye kile kiti, kwamba watamtoa.

Alikaza fundo.

"Nilikuwa najua," alisema.